Dirisha la Kirumba

Bwana Bituro alikosea mambo mawili:
aliandika kwamba chumba kina dirisha,
na aliandika kwamba kodi alilipa.

Chumba ninacho mimi, funguo hizi hapa.
Cha nne ukitokea chooni, nyuma ya lile jiwe
ambalo nusu ya Kirumba huanikia dagaa.
Alikuja mwaka ule pamba iliponyeshewa ghalani,
karani wa mizani, sanduku la bati, kikohozi,
na chupa ya wino aliyoibeba kama yai.
Shilingi kumi na mbili kwa mwezi, akasema bibi yangu Kwandu,
na maji utajitekea.

Usiku aliandika nyuma ya stakabadhi za pamba.
Upande huu: Malimi wa Magu, ratili tisini, daraja la pili.
Upande ule: *Mwanamke akafungua dirisha,
na Nyanza nzima ikaingia ndani bila hodi.*

Mstari huo watoto wanaukariri hadi leo.
Dirisha linaashiria nini? huuliza mtihani.
Uhuru, hujibu. Au matumaini.
Alama mbili.

Bibi angejibu: linaashiria uongo.
Ukuta ule ulikuwa mzima, matofali ya kuchoma,
aliusimamia mwenyewe, mimba ya mama yangu tumboni.

Kitabu kilifika baada ya mwenyewe kuhama,
kuhama kwa alfajiri, mnajua kuhama kule.
Bibi hakujua kusoma. Mama alimsomea jikoni
huku mikono ya bibi ikiwa ndani ya sato.
Wakafika kwa mwenye nyumba
mzito wa nyonga, mwepesi wa ulimi,
anayepima watu kwa jicho na hapunji hata ratili.
"Huyo ni mimi?"
"Ni wewe."
Sufuria ikafurika, hakuna aliyeinuka.
"Rudia pale pa dirisha," akasema.

Wiki iliyofuata alimwita fundi Lushinge
na tindo na nyundo. Siku mbili za vumbi.
Tundu lilipotokea, bibi akainama, akachungulia:
choo cha akina Mashauri,
kamba ya nguo,
na katikati ya majabali mawili, maji,
upana wa pindo la kanga.

"Hiyo ndiyo Nyanza nzima," akasema.
"Huyu bwana! Hata deni analipa kwa maneno."
Lakini hakuliziba.
Asubuhi nyingi nilimkuta kwenye kigoda, chai imepoa.

Juzi wamekuja watu wa Halmashauri na futi ya kupimia.
Wanataka kubandika kibao. Kule Capri Point
hoteli moja imeshaupa ukumbi jina lake
na kuapa aliishi kwao, ghorofani, penye upepo.
Nikawatolea daftari la bibi:
*Bituro, miezi mitatu, 36/-,*
na dole gumba la bibi, zambarau.
Wakalitaka kwa ajili ya makumbusho. Nikalirudisha kwapani.
Kibao kiandikwe nini, mama?
Andikeni anadaiwa.

Wakalipiga picha dirisha, mmoja analigusa kama kaburi:
"Hapa ndipo alipokuwa akitazama!"
Nikanyamaza. Ningeanzia wapi?

Walikuja na wanafunzi kumi, sare zimepauka.
Wakatoka wote, akabaki msichana mmoja,
kitabu kimekunjwa ukurasa wa arobaini.
"Hapa anakula furu. Furu ni nini?"
Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho.
Samaki wa hivi, nikasema. Tulikuwa tunamtafuna na mifupa.
Kisha akaja sangara.
Mara ya mwisho kumla nilikuwa mdogo kuliko wewe,
na sikujua kwamba ni ya mwisho, ningekula polepole.
"Mwalimu alisema ni aina ya ugali."
Akaandika pembeni ya ukurasa, kwa penseli, *samaki*.

Halafu akaenda dirishani, akasimama kwa ncha za vidole,
akatafuta ule upindo wa maji kati ya mawe.
Dereva wa basi la shule alipiga honi mara ya kwanza,
akapiga ya pili.